Kuoa, Kuolewa na Cheti cha Kuzaliwa: Maisha ya Christine Jorgensen

Kila toleo la jarida letu huwa na makala moja ya historia inayoandikwa na kundi, na kwa kawaida kundi hukimbilia pwani. Tumeshasoma humu habari za Kilwa, za bandari ya Zanzibar, za reli ya Mombasa na za vita vya Maji Maji. Safari hii tumebaki huku huku tulikolelewa, Marekani, na tumemchagua mtoto wa seremala wa Bronx, New York, aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1926. Wazazi wake walikuwa na asili ya Denmark. Walimwandikisha kuwa ni mvulana wakampa jina la baba yake, George. Dunia ilikuja kumjua kwa jina alilojichagulia mwenyewe, Christine Jorgensen.

Wanaomkumbuka humkumbuka kwa sababu ya upasuaji. Sisi tuliposoma kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1967, kilichotushika zaidi ni miaka iliyotangulia, tangu utotoni mpaka alipotimiza miaka 20. Ni habari ya kijana aliyetaka kupendwa bila kujificha, na ya karatasi moja iliyomfuata mpaka utu uzima.

Alipokuwa na miaka mitano aliomba apewe mwanasesere mwenye nywele za dhahabu kwa Krismasi. Akapewa treni nyekundu. Shuleni aliwahi kuweka kitambaa cha kudarizi ndani ya dawati lake, kitu alichokipenda sana. Mwalimu akakigundua, akamwita mama yake, na mbele ya darasa zima akauliza kama hicho ni kitu cha kukutwa kwa mvulana. Wale kati yetu wenye bibi waliodarizi kofia wakiwa wamekaa barazani tulicheka kidogo hapa, maana huko kwetu wanaume nao hudarizi kofia na hakuna anayeitiwa mama yake. Lakini kicheko hakikudumu. Mtoto yule alijifunza siku ile kwamba kuna vitu avipendavyo ambavyo lazima avifiche, na kwamba mtu mzima anaweza kumwaibisha mbele ya watu na kuita jambo hilo malezi.

Kisha ukaja ujana na mapenzi. Alimpenda rafiki yake wa kiume na hakuweza kumwambia, wala hakuweza kumwambia mtu mwingine yeyote. Tufikirie New York ya miaka ya 1940. Maneno aliyokuwa nayo kijana kama huyu yalikuwa mawili tu: ama yeye ni mvulana kama wengine, ama ni mwanamume anayependa wanaume, na hilo la pili lilikuwa kosa la jinai katika jimbo lake. Hakujiona katika lolote kati ya hayo mawili. Alivyoeleza baadaye, alichohisi kwa rafiki yake ni mapenzi ya mwanamke kwa mwanamume, na hakukuwa na mtu wa kumsadiki. Kwa hiyo alinyamaza. Akawa kijana mwembamba, mpole, mwenye haya, anayependa kamera kuliko mpira.

Mwaka 1945 alimaliza shule ya sekondari ya Christopher Columbus huko Bronx, na mwaka huohuo akaitwa jeshini. Vita vilikuwa vimekwisha au vinakwisha, akapelekwa Fort Dix, New Jersey, kuwa karani. Kazi yake ilikuwa kushughulikia makaratasi ya askari waliokuwa wakirudi nyumbani. Akaachiliwa kwa heshima mwaka 1946. Tunataja jeshi kwa sababu moja tu: miaka sita baadaye magazeti yalilishikilia jeshi hilo kana kwamba alikuwa jenerali, kumbe alikuwa akipanga mafaili.

Baada ya hapo alihangaika. Alitafuta kazi za filamu, akarudi, akasomea upigaji picha huko New Haven. Siku moja alisoma kitabu cha Paul de Kruif kuhusu homoni za kiume, kilichochapishwa mwaka 1945, na kwa mara ya kwanza akapata wazo kwamba hali yake huenda ikawa jambo la mwili, jambo ambalo daktari anaweza kulizungumzia, badala ya kuwa ubovu wa tabia. Akajiandikisha katika chuo cha wasaidizi wa madaktari mjini New York ili asome zaidi. Akafanikiwa kupata vidonge vya homoni ya kike, akaanza kuvimeza mwenyewe. (Daktari yeyote leo atakwambia ni hatari kufanya hivyo peke yako. Yeye hakuwa na daktari wa kumwambia.)

Alisikia kwamba Skandinavia kuna madaktari wanaoielewa hali kama yake. Mwaka 1950 akapanda meli, nia yake ikiwa kufika Sweden. Akashukia Denmark kwa ndugu wa familia, na huko Copenhagen akakutana na Dakta Christian Hamburger, bingwa wa homoni. Hamburger alikubali kumtibu bila malipo. Tunafikiri wakati muhimu kuliko yote katika habari hii ni pale alipomaliza kueleza na mtu aliye mbele yake hakucheka. Alipokuja kujichagulia jina, alichagua Christine, kwa heshima ya Christian huyo.

Hakuwa wa kwanza. Mjini Berlin, katika taasisi ya Magnus Hirschfeld, madaktari walikuwa wamewahudumia watu kama yeye miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, mpaka wafuasi wa Hitler walipoivamia taasisi hiyo mwezi Mei 1933 na kuvichoma vitabu vyake hadharani. Kijana wa Bronx hakuyajua hayo, maana maktaba iliyoyahifadhi ilikuwa majivu kabla hajatimiza miaka saba. Ndiyo maana alidhani yuko peke yake duniani.

Huko Denmark upasuaji wa aina hiyo ulihitaji kibali cha serikali, na Waziri wa Sheria alikitoa. Alifanyiwa upasuaji mwaka 1951 na tena mwaka 1952. Ubalozi wa Marekani mjini Copenhagen ukampa pasipoti yenye jina la Christine. Msomaji aikumbuke pasipoti hiyo, tutairudia.

Mwezi Juni 1952 aliwaandikia wazazi wake. Alikuwa amewaaga kuwa anakwenda kutembelea jamaa na kupiga picha. Katika barua aliwaeleza tangu mwanzo: kwamba maumbile yalikosea kwake, kwamba kosa limerekebishwa, na kwamba sasa yeye ni binti yao. Akatia na picha. Kutoka New York ikaja simu ya maandishi, fupi kama zilivyokuwa simu hizo kwa kuwa kila neno lililipiwa: barua na picha zimefika, na wao wanampenda kuliko wakati wowote.

Katika kikao chetu tulisimama hapa muda mrefu. Sisi waandishi hatuna msimamo mmoja. Wapo kati yetu wanaosema dini yao hairuhusu upasuaji kama ule, na wapo wanaosema ni matibabu kama matibabu mengine. Hatukulazimishana. Lakini hata mmoja wetu hakusema kwamba seremala yule na mkewe walikosea kutuma simu ile. Na mmoja alisema jambo ambalo tumeliweka hapa kama alivyolisema: kwamba kwa Kiswahili barua ile ingekuwa nyepesi kuandika, kwa sababu angeweza kutia sahihi “mwanenu” tangu barua ya kwanza aliyowahi kuwaandikia hadi hiyo, na isingebidi kubadili hata herufi.

Tarehe 1 Desemba 1952 siri ilitoka. Gazeti la Daily News la New York lilitangaza katika ukurasa wa kwanza kwamba askari wa zamani amegeuka kuwa mrembo wa nywele za dhahabu. Wakati huo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu tarehe 20 Oktoba, na mwezi mmoja tu kabla ya hapo Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni katika Bahari ya Pasifiki. Hayo hayakuzuia magazeti kumwandika Christine kila siku. Aliporudi New York mwezi Februari 1953, waandishi na wapiga picha walifurika uwanja wa ndege kumsubiri. Alikuwa na miaka 26. Mwezi Aprili magazeti yakageuka. New York Post ikatoa mfululizo wa makala za kuonyesha kwamba amewadanganya watu na kwamba si mwanamke kamwe. Baba yake, kwa upande wake, alimjengea nyumba Massapequa, katika kisiwa cha Long Island. Kwa seremala hiyo ilikuwa lugha anayoimudu.

Barua zilimiminika, maelfu. Nyingine hazikuwa na anwani zaidi ya jina lake na neno Marekani, na zilifika. Dakta Hamburger naye alipokea zake kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 1953 alichapisha makala ya kitaalamu kuhusu barua za watu 465, wanaume na wanawake, waliomwomba msaada wa aina hiyohiyo. Watu 465, na kila mmoja, kama kijana wa Bronx, alidhani yuko peke yake. Wengi hakuweza kuwasaidia. Baada ya kelele za magazeti, Denmark ilifunga mlango kwa wageni.

Sasa tuje kwenye lugha, maana walimu wetu watatuuliza. Tulipokuwa tukisoma vitabu vya Kiingereza kuhusu Christine, kila mwandishi alilazimika kuchagua kiwakilishi: je, yule mtoto mwenye kitambaa cha darizi aitwe kwa neno la kiume au la kike? Waandishi wamegombana sana juu ya hilo. Tulipoanza kuandika kwa Kiswahili ugomvi uliyeyuka. Alizaliwa, akasoma, akapenda, akasafiri. Kiambishi “a” hakiulizi chochote. Baadhi yetu tuliokulia Minnesota na Texas tulikuwa tunaona haya kwamba Kiswahili chetu kinachanganya neno la “yeye” tunapozungumza Kiingereza, na wazazi wetu huchekwa kazini kwa kumwita bosi wa kiume kama mwanamke. Mara hii udhaifu huo ulikuwa neema.

Lakini tusijisifu mno. Mwenzetu mmoja ana mdogo wake wa miaka 16 ambaye yuko katika hali kama ya Christine alipokuwa na umri huo. Mtoto huyo alimwomba mkubwa wake amsaidie kumweleza bibi yao kwa simu. Mwenzetu alitafuta neno akakosa. Magazeti ya Kiswahili siku hizi huandika “mtu aliyebadili jinsia”, lakini mtoto wa miaka 16 hajabadili kitu. Anachosema ni kwamba hivyo ndivyo alivyo tangu zamani. Maneno tunayoyasikia harusini na mitandaoni ni ya kuchekea watu. “Shoga”, neno ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi, limegeuzwa kuwa tusi. “Hanithi” limetoka Kiarabu na katika kamusi lina maana ya mwanamume asiye na nguvu za kiume. “Huntha” ni neno la heshima zaidi, wanazuoni wa Kiislamu wamelitumia kwa karne nyingi wanapojadili mirathi, lakini linamhusu mtu aliyezaliwa na maumbile ya pande zote mbili, na hilo ni jambo jingine.

Wasomaji wetu wenye jamaa Oman huenda wanajua kwamba neno hilo la hanithi lina ndugu yake kule. Mwaka 1977 mtaalamu wa Norway, Unni Wikan, aliandika kuhusu watu wa mji wa Sohar walioitwa kwa neno hilo la Kiarabu: watu waliozaliwa wanaume, waliokaa na wanawake na kuhesabiwa nusu kati ya hao na hao. Wasomi wenzake walimpinga, akiwemo Gill Shepherd aliyefanya utafiti Mombasa, wakisema amechanganya mambo. Hatuwezi kuamua ugomvi wao hapa. Tunautaja kwa sababu tumechoka kusikia katika mijadala ya klabu kwamba mambo haya yalianza na runinga za Marekani. Watu wa Sohar walikuwa na jina la mtu wa namna hiyo, zuri au baya, bila kuisubiri runinga.

Mwenzetu hatimaye alimwambia bibi bila neno lolote la kitaalamu. Alisema, “Bibi, mjukuu wako anasema moyo wake ni wa kike.” Bibi akanyamaza, kisha akauliza kama mtoto anakula vizuri.

Na kuna mahali ambapo Kiswahili kinauliza swali gumu kuliko Kiingereza. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha ndoa kwa bibi na bwana. Kwetu mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na ukikosea kiambishi watu hucheka. Mwaka 1959 Christine alitaka kuolewa. Aliyetaka kumwoa aliitwa Howard Knox, mpiga taipu. Walikwenda pamoja New York kuomba kibali cha ndoa. Karani alitazama cheti cha kuzaliwa. Cheti kilisema: mwanamume. Vithibitisho vingine havikutosha. Pasipoti ya serikali ya Marekani ilimruhusu Christine kuvuka bahari akiwa mwanamke, lakini karani wa New York hakumruhusu kuvuka kizingiti cha ndoa kwa jina hilohilo. Kwa Kiswahili tungesema karani alikataa kumpa kiambishi. Howard naye alipoteza kazi yake Washington baada ya uchumba kujulikana. Ndoa haikufungwa.

Tumejaribu kumfikiria Howard Knox, ambaye vitabu humpa sentensi mbili. Kuna watu waliomtaka Christine kwa ajili ya umaarufu, na kuna waliomtazama kama maajabu ya sarakasi. Huyu alijitokeza mchana, akasimama mbele ya karani na waandishi wa habari, akasema anataka kumwoa. Yale aliyoyatamani kijana wa Bronx alipokuwa na miaka 17, kwamba mtu ampende na asione haya kuonekana naye, yalitimia angalau kwa safari moja ya ofisini.

Karatasi ya namna hiyo tunaikuta tena Nairobi. Audrey Mbugua, Mkenya aliyehitimu chuo kikuu cha Maseno, alikuwa na cheti cha mtihani wa KCSE chenye jina la kiume alilopewa utotoni na alama inayoonyesha jinsia. Kila alipoomba kazi ilibidi aanze kueleza maisha yake kwa watu asiowajua. Alilishtaki Baraza la Mitihani la Kenya, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamuru baraza libadilishe jina kwenye cheti na kuiondoa alama ya jinsia. Mwaka huohuo mahakama hiyo ilikuwa imeshaamuru shirika lake liandikishwe. Wazazi wetu waliofanya mitihani Kenya wanajua cheti cha KCSE kina uzito gani nyumbani: kinawekwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda cha mama. Audrey alitaka karatasi hiyo aweze kuitoa sandukuni bila kuogopa. Hakwenda Copenhagen; alikwenda mahakama ya nchi yake mwenyewe.

Christine aliishi kwa kuimba na kuigiza katika vilabu vya usiku, kazi aliyoianza kwa sababu hakuna ofisi iliyokuwa tayari kumwajiri kama mtu wa kawaida, na akaja kuipenda. Kuhusu kujikubali, hatukuona katika kitabu chake siku maalumu ambayo mambo yalikaa sawa. Tunachoona ni kwamba aliacha kuomba radhi. Miaka ya 1970 alizunguka katika vyuo vikuu vya Marekani akizungumza na wanafunzi, na maswali waliyomwuliza mengine yalikuwa ya utovu wa adabu. Alijibu kwa ucheshi. Mwaka 1984 alirudi Denmark.

Hakuolewa. Alifariki tarehe 3 Mei 1989 huko San Clemente, California, kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na miaka 62.